Chupa Nane za Wageni

Daktari wetu alikuwa na ugonjwa mmoja ambao hakuusomea: hakuweza kuvumilia mgeni aone kitu kisichojaa. Maabara yenyewe iko Uthiru, pembeni mwa Nairobi, kando ya barabara ya Waiyaki Way, jengo la ghorofa moja lenye mabati yanayolia jua likikolea. Kila tulipoambiwa wageni wanakuja, kazi ya sayansi ilisimama na kazi ya kujaza ikaanza. Rafu za dawa zilipangwa upya, chupa tupu nyuma na zenye kitu mbele. Waliokuwa likizo walipigiwa simu warudi wakalie viti vyao. Hata mama wa usafi alivishwa koti jeupe, akaketishwa karibu na dirisha, akapewa pipeti ya kupimia dawa aishike, akaagizwa aangalie chini asicheke.

"Leo mimi ni daktari wa nini?" alikuwa akiniuliza kila mara.

"Wa figo," nilimjibu.

Mwaka mmoja mgeni wa kutoka ng'ambo alimpa mkono kwa heshima zote, kisha akanipita mimi nikiwa nimeinama kwenye sinki, akadhani mimi ndiye wa kuosha vyombo. Mama wa usafi aliicheka hadithi hiyo mwezi mzima. Mimi sikuicheka, kwa sababu nilikuwa kweli naosha vyombo.

Nimekaa katika maabara hiyo miaka kumi na sita. Daktari alinikuta pale. Ukoo wake ni wa hapo hapo, wenye mashamba tangu zamani ambayo sasa yamegeuka ploti za nyumba za kupangisha, na yeye alisomea nje akarudi na lafudhi ambayo humtoka akikasirika. Sikuwahi kumwona akishika pipeti. Alishika kalamu, simu na mkono wa mgeni. Sisemi haya kwa wivu. Nasema kwa dharau, na kwa umri huu nilionao najua kutenganisha hivyo viwili.

Mimi ni mtu wa Vihiga, nilikuja Nairobi na stashahada ya ufundi wa maabara, nikawa yule anayeitwa "wa mikono". Mtu wa mikono ndiye anayefanya jambo, halafu mtu wa kichwa anaandika kwamba "tulifanya". Nilipofika miaka arobaini na mbili nilichoka na hiyo "tu" isiyokuwa na mimi ndani yake, nikajiandikisha kusomea shahada ya uzamili, masomo ya jioni, katikati ya jiji. Msimamizi wangu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine, akawa daktari.

Huko chuoni niliongezewa muda mara tatu. Mara ya kwanza maabara ilikosa gesi. Mara ya pili ukungu uliingia kwenye seli zangu ukala kazi ya miezi minane. Mara ya tatu nilikwenda mwenyewe mjini kupeleka barua, nikasimama mbele ya kaunta ya masjala, na kijana wa nyuma ya kioo akafungua faili yangu polepole, kwa raha zake.

"Madam, hii ni extension ya tatu," alisema. "Hakuna ya nne. Usipoleta kazi mwisho wa Novemba, hii faili inafungwa."

"Inafungwa na kufunguliwa tena?"

"Inafungwa na inaenda basement."

Sikumchukia. Ndiye mtu pekee katika habari hii yote aliyeniambia ukweli wa mambo bila kunizungusha. Na zaidi ya hapo, nililelewa na mtu wa kazi ile ile.

Baba yangu alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, mtaa wa tatu kutoka hapo nilipokuwa nimesimama. Wakubwa wa ghorofa za juu walikuwa na mihuri na magari na makatibu wa kuwafungulia milango, lakini baba asipoitoa faili rafuni, hakuna aliyeandika barua, hakuna aliyepata shamba wala pensheni. Faili zote zilikuwemo. Zilizofanyiwa kazi ni zile baba alizozigusa. "Faili haipotei," alituambia tukila. "Inakaa tu." Alisema hivyo kwa majivuno. Asubuhi yake alikwenda kazini akasema "sawa, mkubwa" mara mia moja, akarudi.

Ninamleta baba hapa kwa sababu ndiye aliyenifanya nielewe seli, na si daktari.

Kila seli ya ng'ombe, ya ini au ya ulimi au ya kwato, imebeba jeni zile zile. Daktari alipenda kuwaambia hivyo watu wa maofisi ya Westlands, mikono imefungwa kifuani, utadhani ni siri aliyoichimbua mwenyewe. Lakini hilo ndilo jambo rahisi. Gumu ni hili: kama maandishi ni yale yale, nani anayeamua seli hii iwe msuli na ile iwe ini? Daktari aliwajibu kwa neno moja, swichi. Jeni zina swichi, unawasha, unazima. Watu wa Westlands walitikisa vichwa kwa furaha, maana swichi wanaijua, wanaibonyeza kila siku bila kujua waya umepita wapi.

Si swichi. Ni makarani. Ndani ya kiini cha seli kuna protini ambazo wasomi wanaziita vipengele vya unukuzi, jina lililotungwa na mtu asiyependa watu. Protini ya namna hiyo inaijua jeni yake, inakwenda kukaa mahali pake maalumu mwanzoni mwa maandishi ya jeni hiyo, na ikishakaa, mashine ya kunakili inakuja na kuanza kazi. Isipokaa, jeni ipo, nzima, safi, na haina faida kwa mtu. Ni faili rafuni. Ini ni ini kwa sababu ya makarani waliopo zamu katika ini. Msuli ni msuli kwa sababu ya wake.

Mimi nilikuwa nikifuga seli changa za msuli. Hizi zina mambo ya ajabu. Karani wa msuli tayari yumo ndani tangu mwanzo, faili mkononi, anajua atakachofanya. Lakini hafanyi, kwa sababu kuna protini nyingine ambayo kazi yake yote duniani ni kumshika mkono. Kukiwa na chakula tele na nafasi ya kutosha, mshika mkono anatengenezwa kwa wingi, karani anatulia, na seli inaendelea kugawanyika, moja mbili, mbili nne. Chakula kikipungua, au seli zikibanana zikaanza kugusana, mshika mkono anapungua, karani anapata mkono wake. Anafungua faili za msuli. Anamwita karani wa pili, mkali kuliko yeye. Wanafunga faili ya kugawanyika. Seli zinajipanga, zinaungana ubavu kwa ubavu, zinakuwa uzi mmoja mrefu wenye viini vingi.

Na uzi ule haurudi kuwa seli changa. Umwage chakula utakavyo, uupe nafasi ya uwanja mzima, umekwisha kuwa nyama.

Ndiyo maana mtu anayefuga seli za namna hii hutembea na hofu moja tu: zisijae. Unazipanda chache kwenye chupa bapa ya plastiki, unaziangalia kwa hadubini asubuhi na jioni, na zikifika karibu nusu ya sakafu ya chupa unazitoa, unazigawa kwenye chupa mpya, zikae mbali mbali. Mapengo kati yao ndiyo kazi. Chupa iliyojaa ni chupa ya mtu aliyelala.

Swali langu lilikuwa dogo na langu. Nilikuwa nimeona, au nilidhani nimeona, kwamba seli za ng'ombe wa kienyeji zikipunguziwa chakula zinachelewa kugeuka kuliko zile za ng'ombe wa maziwa. Kana kwamba mshika mkono wao haachii upesi. Nilitaka kumkamata karani saa ile ile anapoachiliwa, katika seli ambazo bado zimeachana, kabla ya kugusana. Kwa hilo kuna dawa inayonasa protini hiyo moja, karani mwenyewe, na kuing'arisha chini ya taa ya hadubini. Inakuja kutoka ng'ambo kwenye barafu, kijichupa kidogo kama kidole cha mwisho cha mtoto. Yangu ilikuwa imebaki ya kutosha jaribio moja.

Seli nilizitoa Dagoretti. Nilikwenda machinjioni mara nne, kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na kikasha cha barafu na viatu vya mpira, kwa sababu msuli lazima uchukuliwe mnyama akiwa bado moto. Mchinjaji aliyekuwa akinihudumia hakuacha kunishangaa. Nilimwonyesha fahali mdogo wa kienyeji, mwenye nundu, nikamwomba kipande cha ukubwa wa kidole gumba.

"Madam, hii utapikia nani?"

"Sipiki. Naipeleka ikue."

Alimwangalia mwenzake. "Mama anataka nyama ikue. Sisi tunauza ya kuisha."

Daktari hakuwahi kukanyaga machinjioni. Alisema harufu inamletea kichwa. Kwenye ripoti aliandika kwamba sampuli "tulizikusanya", na mimi ndiye niliyekuwa nikipanda matatu na damu kwenye pindo la sketi, watu wanasogea.

Mara tatu seli hazikushika. Ya nne ilishika. Kutoka kidole gumba kile nilipata chupa mbili, kisha nne, kisha nane. Zilikuwa zimekaa vizuri, kila moja imetulia kivyake na nafasi kuizunguka, zina umbo la nyota iliyovutwa. Nilikuwa nimebakiza wiki sita kufika mwisho wa Novemba. Siku ya Ijumaa ningezipunguzia chakula, ningetumia dawa yangu ya mwisho, ningepata picha zangu. Kuandika kungechukua mwezi, na mwezi nilikuwa nao.

Jumatano daktari akaja na habari ya wageni.

Walikuwa watu wa kampuni fulani ya Westlands iliyotaka kutengeneza nyama bila ng'ombe. Wangefika Ijumaa. Alipita kila meza akihesabu vitu, akafika kwangu, akainama kwenye hadubini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu nijue jina lake. Kisha akasema, kwa sauti ile ya mtu aliyekuta jikoni kwake hakuna sukari:

"Mbona ziko hivi? Kuna mapengo kila mahali."

"Ndivyo zinavyotakiwa, daktari. Zikigusana zita—"

"Hawa watu wanataka kuona growth. Wakiangalia hapa watafikiria hatufanyi kazi. Ziache zijae hadi Friday. Zote nane. Tuzipange hapa mbele."

Nilijua. Hilo ndilo ninalolirudia nikiwa peke yangu. Sikuwa mjinga. Hakuna mtu ndani ya jengo lile, na yeye akiwamo, aliyejua kama mimi kitakachotokea ndani ya chupa zile kati ya Jumatano na Ijumaa. Ningeweza kumweleza kwa dakika tatu, hata kwa swichi zake. Alikuwa mwenye shahada ya uzamivu katika mambo haya haya. Alikuwa amesahau, au hakuwahi kuyajua kwa vidole, lakini angekumbushwa angekumbuka.

"Sawa, daktari," nikasema.

Alhamisi nilipiga pasi makoti. Makoti kumi na moja. Nilipita mbele ya inkubeta, kabati la joto na gesi zinamokaa seli, mara nyingi nikaona chupa zangu nyuma ya kioo, maji ya lishe mekundu yameanza kuelekea manjano, ishara kwamba seli zinakula na kubanana. Nilijiambia jioni nitawahi kuzigawa. Jioni daktari alitaka mabango yapachikwe ukutani. Tulipachika mabango.

Ijumaa wageni walitarajiwa saa nne. Walikwama Westlands, kisha wakakwama kwenye mkutano mwingine, wakafika saa nane na nusu, watatu, wameshakula. Sambusa zetu zilikuwa zimejaa sahani tangu asubuhi na zimeshaanza kulegea. Mama wa usafi alikuwa dirishani na pipeti yake. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya chupa nane zilizopangwa mstari mmoja kama mabwana harusi.

Asubuhi hiyo nilikuwa nimeziangalia. Sikuhitaji dawa yoyote. Nyota zilikuwa zimekwisha. Kulikuwa na nyuzi tupu, ndefu, nene, zimelala sambamba kutoka ukingo hadi ukingo, na katika chupa mbili baadhi zilikuwa zinatetemeka zenyewe, maana msuli ukishakuwa msuli unakumbuka kazi yake hata bila ng'ombe. Ni kitu kizuri kukitazama. Nilisimama pale nikakichukia.

"Hizi ndizo seli zetu," daktari aliwaambia wageni kwa Kiingereza chake cha kwanza, kile kizuri. "Mnaona zinavyokua. Hazina pengo."

Hakuna hata moja iliyokuwa inakua. Katika chupa nane hakukuwa na seli ya kuitegemea igawanyike tena hadi kiama. Alikuwa anaonyesha kituo cha mwisho na kukiita safari, na wale watatu, waliokuja kuuza nyama inayokua, waliinama mmoja mmoja, sekunde tatu tatu, wakasema ni nzuri sana. Mmoja alipiga picha kwa simu akakosa, akapiga tena. Mwanamke mwenye viatu vyekundu akanigeukia.

"Na wewe unafanya nini hapa?"

"Huyu ni technician wetu," daktari akajibu kabla sijafungua mdomo. "Anatusaidia sana."

Nilitabasamu. Nina meno mazuri, nimeambiwa.

Jumatatu nilikwenda ofisini kwake nikamwambia. Nilimwambia seli zimegeuka zote, kwamba niliyetaka kumkamata ameshapita, kwamba nitahitaji kurudi Dagoretti kuanza upya na kuanza upya ni miezi. Alinisikiliza vizuri, hilo nampa. Akatoa miwani, akaifuta.

"Si uongeze muda tena?"

"Hakuna kuongeza. Walishaniambia."

"Pole sana. Lakini wewe kazi unayo tayari, bwana. Hiyo masters ilikuwa ya nini hasa?"

Nilitoka nikafunga mlango taratibu, nikazuia kitasa kisilie. Ningependa kuandika kwamba nilimtukana. Nilimtukana kwa Kimaragoli cha kwetu, ndani ya choo, maji yakiwa wazi.

Wiki hiyo dawa yangu ya mwisho ilikuwa inakaribia kuharibika, na kwa hasira nikaitumia. Niliimwaga kwenye chupa moja ya zile nane. Nilitaka angalau kumwona karani usoni. Nikazima taa, nikaweka jicho kwenye hadubini, na walikuwa wamo wote: viini mamia kwa mamia, vimepangwa mistari ndani ya nyuzi, kila kimoja kinang'aa kijani, kila karani ameketi kwenye faili yake anafanya kazi. Hakuna aliyeshikwa mkono. Nilipiga picha moja nikaihifadhi kwenye kompyuta ya maabara.

Daktari aliiona. Aliipenda. Ilitengenezwa bango kubwa lenye kioo, likapelekwa Westlands kwenye maonyesho, likarudi, likapigwa misumari mlangoni petu. Chini yake imeandikwa kwa Kiingereza kwamba hizi ni seli zinazokua kwa kasi. Chini kabisa kuna jina lake na majina ya wale wageni watatu. Kila mwanafunzi mpya anayepita pale anasoma uongo kabla hajavaa koti.

Faili yangu ilifungwa. Barua ililetwa Januari, sentensi mbili. Sikulia siku hiyo. Nilikwenda kazini, nikaosha vyombo.

Aliyeuliza swali la maana ni mama wa usafi. Ilikuwa asubuhi, mwezi wa pili au wa tatu, anafuta kioo cha lile bango, mimi natafuta funguo. Alikuwa ameshasikia habari nzima, maana katika jengo lile hakuna aliyejali kumfichia kitu.

"Madam," alisema bila kugeuka, "hizo vitu zako ziliharibika juu ya kujaa, si ndiyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na ukitoa kidogo tu, uweke kwa chupa ingine, inaanza upya?"

"Ndiyo."

"Sasa si ungetoa kidogo ile Wednesday, nikuwekee kwa store? Daktari alitaka kuona nane. Angeona nane. Ya tisa angejuaje?"

Huko stoo tuna inkubeta ya zamani. Gesi haina tena, lakini joto lake ni sahihi kabisa, na mama wa usafi huitumia kugandishia maziwa lala ya nyumbani kwake. Wote tunajua, isipokuwa mmoja. Ukiifunga chupa vizuri, siku mbili bila gesi seli zinavumilia. Hilo nilikuwa nimewafundisha wanafunzi mimi mwenyewe, mara nyingi, kwa sauti ya kujiamini.

Nilimwambia sikuwa nimelifikiria. Akaacha kufuta. Aliniangalia jinsi nilivyozoea kumwangalia daktari.

Alipokwenda kumwaga maji nikaingia stoo. Nilifungua ule mlango wa inkubeta, mpira wake umechakaa, ukanitolea joto la siku zote na harufu ya maziwa. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na madumu mawili ya maziwa, yamefunikwa kitambaa safi. Rafu ya juu ilikuwa tupu. Nilipima kwa kiganja, chupa bapa kwa chupa bapa, kutoka kushoto. Ningehitaji nafasi ya moja. Zingeenea kumi na mbili.